UZI: Msiseme Mombasa imelala. Muziki wa laivu na maigizo kuanzia Juni hadi Disemba, tuelekezane

Mkaazi wa Kibokoni (mwanzisha uzi)

Kila Ijumaa lazima atokee mtu aulize, "Leo Mombasa kuna nini?" Atatajiwa klabu mbili tatu za madijei na msanii mmoja anayeshuka kutoka Nairobi, kisha wachangiaji wakubaliane kwamba mji umelala. Mimi sikubali, na jambo hili linaniuma ndiyo maana naliandikia uzi mzima. Muziki wa laivu upo. Maigizo yapo. Tunachokosa ni watu wa kuambizana wapi na lini, na watazamaji wa kulipa kiingilio mlangoni badala ya kungojea klipu kwenye simu.

Kalenda yetu haiko kwenye mabango. Imefuata majira, dini, shule na msimu wa wageni, na ukishazijua hizo nne hutakosa pa kwenda.

Tuanze na mvua. Mei ndio mwezi wenye mvua kubwa zaidi hapa pwani. Mtu akikodi spika, jenereta na viti vya uwanjani, kisha mvua ikashuka saa mbili usiku, hasara ni yake peke yake. Kwa hivyo shoo za nje huanza kuchangamka masika yakipungua, Juni, kusi likivuma na usiku una kaubaridi. Na huo ndio msimu ambao wageni ni wachache. Hoteli za Nyali, Bamburi, Shanzu na Diani hupunguza bendi, na wapigaji waliokuwa wakipiga nyimbo zile zile za kukaribisha watalii kila jioni wanapata nafasi ya kupiga mjini. Ukitaka kumsikia mpiga saksafoni wa hoteli akipiga anachokipenda mwenyewe, Juni na Julai ndiyo miezi yake.

Tarehe 21 Juni iwekeni alama. Ni Siku ya Muziki, iliyoanza Ufaransa mwaka 1982 na sasa inaadhimishwa duniani kote. Hapa kwetu pa kuulizia ni Alliance Française, Moi Avenue. Pitieni mapema, kwa sababu siku yenyewe ikiangukia katikati ya wiki tamasha huweza kusogezwa hadi wikendi.

Kisha kuna ile kona ya Mji wa Kale, ambayo kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wengi wetu tuliingia mara moja na safari ya shule tukaishia hapo. Lakini kaeni ndani ya uwanja wake jioni pakiwa na ngoma au udi, ile ala ya nyuzi, kuta za matumbawe pande zote, muone sauti inavyowarudia. Hatua chache kutoka hapo kuna kituo cha vijana cha Swahilipot, ambako vijana wanafanya mashairi, rap, maigizo mafupi na bendi changa, bahari iko hapo hapo. Tena kuna bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa na kuandaliwa Sikukuu ya Mashujaa mwaka 2019. Ngazi zile za kukalia zinatosha umati mkubwa, na huhitaji kununua soda ya bei ya hoteli ili uruhusiwe kukaa.

Kwa maigizo, Little Theatre Club pale Mnazi Mmoja Road. Ni ukumbi wa enzi za ukoloni, mdogo, na udogo wake ndio raha yake. Mwigizaji akishusha pumzi unamsikia. Nimeona watu wakitoka pale wakibishana juu ya mhusika hadi kwenye stendi ya matatu, jambo ambalo sijaliona likitokea baada ya shoo ya dijei.

Taarabu na bango, ule muziki wa dansi wa pwani, nitaziandikia kando, maana kila moja ina mambo yake.

Mkaazi wa Kibokoni

Taarabu. Watu husema imekufa kwa sababu hawaioni ikiuziwa tikiti. Taarabu ya Mombasa haikuishi kwa tikiti. Iliishi kwa harusi. Mwenye harusi ndiye aliyekodi kikundi, na waimbaji wakaongezewa kwa kutuzwa: ubeti ukimgusa mtu, anainuka na noti yake, anakwenda taratibu hadi mbele ili kila mtu amuone, anamwekea mwimbaji, anarudi. Kwa watu wanaojuana, noti ile imeshasema maneno. Kuna ugomvi wa mitaani ulioanzia hapo.

Mitindo nayo ilikuwa mbalimbali. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi zake Mombasa, aliuweka udi mbele na ushairi wa kale nyuma yake. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, alichukua mahadhi ya Kihindi akayatilia beti za Kiswahili zilizokuwa na uzito wake, nyingi zikiwa za jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir. Zuhura Swaleh akaingiza tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonye, na mapigo ya ngoma ya chakacha, na hapo ndipo kiuno kikaamka. Maulidi Juma naye na kikundi chake. Hawa wote ni watu wa mji huu kwa kazi, na mtoto wa leo wa Tononoka anamjua msanii wa Lagos kabla ya kumjua yeyote kati yao.

Kilichobadilika ni hesabu. Zamani kikundi kilikuwa na udi, fidla, kodiani, tashkota au qanun, dumbaki, tabla, na waitikiaji. Hao ni watu wanane au kumi wa kulipwa, kulishwa na kubebwa. Kikaja kinanda cha umeme chenye sauti zote hizo ndani yake, na mwenye harusi akaona afadhali alipe watu watatu. Simlaumu. Ila sauti ya udi wa kweli kwenye kinanda haimo, na kwa hivyo ukisikia kuna kikao cha udi mahali popote, iwe ni ukumbini au barazani kwa mtu, usingoje tangazo. Nenda.

Na kumbukeni Ramadhani husimamisha karibu kila kitu. Baada ya Idi ndipo harusi hufumka na vikundi hukosa hata usiku mmoja wa kupumzika.

Jumapili ya Bango

Kaka, umetugusa, lakini usituruke sisi wa ng'ambo ya Nyali Bridge. Bango ndiyo muziki wa laivu usiokosa wiki hata moja. Wakati nyinyi mnalalamika hakuna shoo, wazee wetu wako Jumapili saa kumi jioni, mashati yamepigwa pasi, kina mama na leso zao, saksafoni inalia.

Asili yake ni Freretown. Kijiji kile kilianzishwa na wamisionari mnamo 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani, na kengele yao bado iko pale Kengeleni, wengi wanapita nayo kila siku bila kuigeuzia jicho. Mzee Joseph Ngala, mwalimu na mpiga saksafoni, ndiye baba wa bango. Alichukua jazz, rumba, sauti za Kilatini na mapigo ya Kimijikenda, akavichanganya vikawa kitu ambacho mtu wa miaka sabini na mjukuu wake wanakicheza pamoja bila mmoja kuona aibu.

Anayekuja mara ya kwanza asikimbilie kurekodi. Bango huanza polepole makusudi. Nyimbo tatu za kwanza watu wamekaa, wanakunywa, wanasalimiana meza kwa meza. Kisha mzee mmoja anainuka peke yake, anacheza kwa hatua ndogo ndogo, mabega tu ndiyo yanayosema. Ukiondoka kabla ya hapo hujaona bango.

Mkaazi wa Kibokoni

Ahsante sana ndugu yangu, hilo la bango umelieleza kuliko nilivyokuwa nimepanga mimi, kwa hivyo naliacha mikononi mwako. Nitaongeza moja tu: bendi kama Them Mushrooms zilipata ukali wake kwenye majukwaa ya hoteli zetu za pwani miaka ya 1970, kwa kupiga kila usiku. Bendi haijengwi na mazoezi ya nyumbani. Inajengwa na watu waliokaa mbele yake. Ndiyo maana nasisitiza kiingilio. Shoo nyingi za bendi za mitaani kiingilio chake hakizidi sahani ya biriani, na biriani hatuiombi bure.

Kivukoni

Yote mazuri, lakini mimi ni mtu wa Likoni. Shoo ikitangazwa saa mbili inaanza saa nne. Ikiisha ni saa saba usiku. Feri inafanya kazi usiku kucha na kwa miguu tunavuka bure, sawa, lakini usiku feri ni chache na ng'ambo matatu za Ukunda zimeshalala. Nabaki na boda ambaye anajua sina njia nyingine. Mara nyingi pesa ya kurudi nyumbani inazidi kiingilio. Waandaaji wanatuhesabu sisi wa kusini? Sidhani.

Mkaazi wa Kibokoni

Kivukoni, umesema kweli tupu, na hili waandaaji walisome mara mbili. Shoo ikianza saa kumi na mbili jioni ikaisha saa tatu, mtu wa Likoni anavuka na wenzake, mama wa Mikindani anapata matatu ya kawaida, mwanafunzi anaruhusiwa na wazazi. Bango imejua hili miaka yote, angalia inavyoanza alasiri. Little Theatre nao mchezo huanza mapema. Wanaochelewesha ni wale wanaongoja ukumbi ujae kwanza, na ukumbi haujai kwa sababu watu wameshajua watacheleweshwa. Ushauri wangu kwako: jiungeni watu wanne au watano, mvuke pamoja, mchukue tuktuk moja.

Mwalimu wa Fasihi

Naona hakuna aliyewataja wanafunzi, na bila wao maigizo ya mji huu yangekuwa na hali ngumu zaidi. Tamthilia inayotahiniwa kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ndiyo inayoviweka hai vikundi vingi. Kikundi kinafanya mazoezi, kinazunguka shule kwa shule au shule zinaletwa ukumbini kwa mabasi, na kila mwanafunzi analipa kidogo. Kazi hiyo hushika sana muhula wa kwanza na wa pili, kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Mtu mzima yeyote anaweza kuuliza kama anaruhusiwa kuingia. Mara nyingi anaruhusiwa, ingawa atakaa katikati ya watoto mia mbili wanaojua kila neno kabla halijasemwa, na mwigizaji akiruka sentensi wanamkumbusha kwa sauti.

Pili, mashindano ya shule. Tamasha za kitaifa za drama huwa likizo ya Aprili na za muziki huwa Agosti, lakini kabla yake kuna ngazi za kaunti ndogo, kaunti na mkoa, ambazo zinafanyika hapa hapa kwetu. Nendeni mkaone watoto wa Kwale wakicheza sengenya au wa Kilifi wakicheza mwanzele, marinda yanavyotikisika kwa mpigo mmoja. Nimefundisha watoto kwa muda mrefu na bado ngoma zile hunisimamisha. Vipawa vilivyomo humo ni vikubwa mno. Kinachonisikitisha ni kwamba mtoto akimaliza kidato cha nne jukwaa lake linaisha siku hiyo hiyo. Hana pa kuendelea.

Mkaazi wa Kibokoni

Mwalimu, shikamoo. Hapo penye "hana pa kuendelea" ndipo penye kidonda. Tungekuwa na desturi ya watu wazima kwenda kuona mchezo wa Kiswahili hata mara moja kwa mwezi, vikundi vingeweza kuandika michezo isiyotegemea mtaala. Michezo ya hapa, yenye Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, kuhusu ardhi, mahari, bandari, vijana na muguka. Waandishi tunao. Waigizaji tunao, kama unavyosema mwenyewe. Viti ndivyo vinavyobaki wazi.

Bi Majengo

Wanangu, nimesoma yote na nimefurahi, ila mmeandika kama kwamba muziki ni wa wanaume wenye saksafoni na udi. Ngoma za wanawake mmezisahau. Lelemama ilikuwa na vyama vyake hapa Mombasa, vyenye wakubwa wao na mashindano yao, wanawake wamesimama safu moja na sare moja, wanacheza kwa mikono na madaha. Vugo nayo ya harusini, tunagonga pembe kwa vijiti na kuimba njia nzima. Na chakacha, ambayo mabendi ya vijana waliichukua wakaitia magitaa, kama Mombasa Roots walivyofanya, ni ngoma yetu ya ndani kwa asili, ya wanawake peke yao.

Hizi hamtaziona kwenye mabango ya matangazo kwa sababu si za kutazamwa na kila mtu. Kijana wa kike anayetaka kuzijua akae na nyanyake, aombe kualikwa harusini, aje na leso yake afundishwe. Lakini vugo na lelemama zikiletwa kwenye tamasha la hadhara, kama wanavyofanya mara nyingine siku za utamaduni, walipwe wale kina mama. Wasipewe chai na maji ya chupa wakaambiwa ahsante.

Mkaazi wa Kibokoni

Shikamoo bi mkubwa. Umesema, na hilo la malipo nitalibeba popote nitakapoalikwa kupanga jambo.

Kisauni Mistari

Na sisi wa rap mtukumbuke. Kundi la Ukoo Flani lilitoka mji huu kabla halijajulikana nchi nzima. Kaa la Moto anachana Kiswahili ambacho hata walimu wa fasihi wanakiheshimu, Mwalimu hapo juu atanishuhudia. Shida yetu si watu, ni mitambo na malipo. Mwaka uliopita tulialikwa kwenye hoteli moja ya kaskazini. Tukafika na bendi kamili, tukapewa mikrofoni mbili kwa watu saba, na baada ya shoo meneja akasema bajeti imebadilika. Hatukurudi tena. Sasa tunaomba malipo ya M-Pesa kabla ya kupakia ala kwenye gari, nusu nzima, na asiyetaka basi. Wasanii wenzangu mfanye hivyo hivyo.

Fundi Mitambo, Tudor

Kaka Kisauni, pole. Lakini niseme kidogo kuhusu mitambo, maana ndiyo kazi yangu. Hapa mjini wengi hukodi spika za disko na kuzipeleka kwenye shoo ya ala. Besi inajaa, sauti ya mwimbaji inazama. Udi ni ala ya sauti ndogo. Unahitaji mikrofoni karibu na tundu lake, mtu asiyetikisatikisa, na mpiga ngoma aliyekaa mbali kidogo. Ukiongeza sauti kwa pupa, unapata ule mlio wa kuchoma masikio. Pale ufukweni kuna jambo jingine, upepo wa bahari unaingia kwenye mikrofoni na kutoa ngurumo. Sifongo ya mikrofoni ni shilingi chache tu, na bado naiona imesahauliwa kwenye shoo kubwa. Halafu majaribio ya sauti yafanywe mchana, si mbele ya watu waliokwisha kulipa.

Mgeni wa Disemba

Mimi niko Nairobi, nashuka kwa treni ya SGR kila Disemba. Kwa kweli sikuwahi kujua haya. Huwa naishia ufukwe wa Pirates na shoo za mwaka mpya. Nikija mwisho wa mwaka nitakuta nini katika haya?

Mkaazi wa Kibokoni

Karibu sana. Disemba pwani kuna watu wengi na shoo kubwa ni nyingi, hasa ufukwe wa Bamburi na kwenye hoteli, na wasanii wetu kama Susumila au Nyota Ndogo utawapata wakiwa na kazi. Usizikatae. Lakini toa Jumapili moja, shuka Nyali au Kisauni alasiri, uulize dereva yeyote wa tuktuk aliyepita miaka arobaini bango iko wapi leo. Atakupeleka moja kwa moja. Jioni nyingine tembea Mji wa Kale, upite Swahilipot uulize wana nini wiki hiyo. Michezo ya shule hutaikuta, shule zimefungwa. Harusi utazisikia mwenyewe, na ukiwa na mwenyeji, utaalikwa.

Kivukoni, Fundi, Kisauni: nimeona pendekezo kwenye inboksi kwamba tuwe tunaweka matangazo ya wiki hapa hapa kila Alhamisi. Naafiki. Sharti langu ni kwamba kila tangazo liseme mambo manne bila kuzungukazunguka: mahali, saa ya kuanza kweli, saa ya kumaliza, na kiingilio. Kama kuna bendi ya laivu aseme ni watu wangapi jukwaani, tujue kama ni bendi au ni mtu na kompyuta yake. Ikitangazwa saa kumi na mbili na ikaanza saa nne, tutaandika pia, kwa heshima, ili wiki ijayo warekebishe.

Naanza mimi Alhamisi hii na ratiba ya Siku ya Muziki nikishaithibitisha Moi Avenue. Jumapili ya Bango, wewe tuwekee za Kisauni na Nyali. Mwalimu, za shule ni zako.

Kivukoni

Likoni na Ukunda nitaleta mimi. Na wa kusini wanaotaka tuvuke pamoja tarehe 21, semeni hapa chini.